Mashine ya boti ya zamani imepungua nguvu: tafuta tatizo hivi kabla hujashika spana

Huu mwongozo nauandika kwa ajili ya wenzangu wa Tanga tunaotoka Deep Sea, Sahare, Mchukuuni, Kigombe na huko kote, manake mashine nyingi tunazotumia ni hizi za kuchanganya oili na petroli, Yamaha Enduro za 15 na 40, Suzuki, Tohatsu, nyingi zimeshapita mikono kadhaa na malalamiko ni yale yale, mashine inawaka vizuri tu asubuhi ila ukitoka nje ya bandari ukapita kisiwa cha Toten ukafungua mafuta yote boti haipandi, inakoroma tu. Watu wanakimbilia kufungua kabureta, wananunua plagi, wiki inayofuata tatizo lipo pale pale na hela imeenda.

Mimi nashikilia jambo moja na kila hatua hapa chini inalifuata. Kabla hujafungua nati yoyote jua kwanza kama mashine imeshindwa kuzunguka au inazunguka vizuri ila boti ndo haiendi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa na ukikosea hapo utatengeneza kitu kizima na kibovu utakiacha.

Na la pili, ukiona nguvu zinapungua ukiwa baharini usiilazimishe. Punguza mafuta hapo hapo. Hizi mashine oili yake inakuja na petroli, sasa kama petroli haifiki ya kutosha ujue na oili haifiki ya kutosha, na mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo) unawaka kwa joto kali zaidi, ukiendelea kuikaba full kwa dakika kadhaa unatoboa pistoni au inajam kabisa, na tatizo lililokuwa la mpira wa mafuta linageuka kuwa la kutafuta bloku. Kama kuna tanga au makasia tumia, au nenda mdogo mdogo nusu mafuta mpaka nyumbani.

SWALI LA KWANZA: SIKILIZA MZUNGUKO

Fungua mafuta mpaka mwisho ukiwa na boti yenye mzigo wako wa kawaida halafu sikiliza. Mlio ukipanda juu kuliko kawaida, mashine inalia kwa ukali lakini boti inajikokota, basi mashine yako ni nzima, tatizo lipo kwenye propela, kwenye urefu ulioifungia, au kwenye boti yenyewe. Mlio ukiwa mzito, chini, haupandi hata ukaze vipi, hapo ndo mashine imepungua au imebebeshwa mzigo usio wake.

Mwenye mita ya mizunguko ana bahati, mashine nyingi za zamani za saizi hii zikifunguliwa mafuta yote zinatakiwa zifike kati ya 4500 na 5500 kwa dakika, angalia kitabu cha mashine yako. Asiye na mita masikio yanatosha, wewe unaijua mashine yako ilivyokuwa inalia ikiwa nzima kuliko fundi yeyote.

Halafu cheki tatizo linakuja saa ngapi. Linakuja tangu unawasha? Au linakuja baada ya dakika chache, unazima, unapumzika, inarudi freshi halafu inapotea tena? Au mpaka mashine ipate joto sana? Andika pembeni au kumbuka, manake hilo jibu utalihitaji huko mbele.

KAMA MLIO UNAPANDA ILA BOTI HAIENDI

Propela za mashine hizi katikati zina bushi ya mpira kati ya kitovu cha ndani kinachoshika shafti na kitovu cha nje chenye mapanga. Kazi yake ni kulinda gia ukigonga mwamba, na sisi huku miamba tunayo, mtu akitoka Mwambani maji yametoka anajua. Ule mpira ukichoka unateleza, taratibu boti inatembea kawaida ila ukikaza mafuta shafti inazunguka peke yake ndani. Kwa macho huoni kitu, propela inaonekana nzima kabisa. Kipimo ni rahisi, kausha propela vizuri, chukua rangi au maka pen piga mstari mmoja ulionyooka kuanzia kitovu cha ndani upite juu ya mpira mpaka kitovu cha nje, nenda baharini kaza mafuta dakika chache, rudi angalia. Mstari ukiwa umekatika, wa ndani uko huku na wa nje uko kule, bushi imekwisha, hakuna haja ya kugusa kabureta wala nini.

Ukiwa hapo hapo vua propela kabisa uangalie nyuma yake, mshipi wa nailoni unajizungushia kwenye shafti mpaka unakata sili ya giaboksi na maji yanaingia. Fungua bolti ya chini ya giaboksi kidogo tu, ikitoka oili yenye rangi ya maziwa maji yameshaingia, badilisha sili na oili ya gia mapema, gia zikianza kuliwa na kutu ni gharama nyingine.

Kama mstari haujakatika angalia urefu. Ile sahani bapa iliyo juu ya propela inatakiwa iwe usawa wa chini ya boti au chini kidogo, kama sentimita mbili na nusu hivi. Mashine zinakuja na shafti fupi na ndefu, inchi 15 na inchi 20, watu wananunua mashine ya shafti fupi kwa sababu ndiyo iliyopatikana wanaifunga kwenye boti la mbao lenye tezi (sehemu ya nyuma inapofungwa mashine) refu, matokeo yake propela inavuta hewa, hasa bahari ikiwa na mawimbi. Na maboti yetu ya mbao mkuku (ule mti wa uti wa mgongo chini ya boti) unashuka mpaka nyuma, maji yanayopita pembeni ya mkuku mnene yanafika kwenye propela yamejaa hewa, kwa hiyo mwisho wa mkuku pale karibu na mashine uchongwe wembamba ili maji yafike yametulia.

KAMA MLIO NI MZITO, ANGALIA KWANZA MZIGO

Hapa napita haraka ila msipadharau. Boti likikaa majini muda mrefu linaota majani na magamba chini, mbao zinanyonya maji, ngama (maji yanayotuama ndani chini) inajaa, na spidi inakufa kidogo kidogo mpaka unaona mashine ndo mbovu. Likaushe maji yakitoka bamvua, kwangua, fua ngama yote, ziba panapovuja, halafu jaribu tena. Uliza pia kama kuna mtu alibadilisha propela. Kwenye kitovu kuna namba mbili, ya kwanza ni upana na ya pili ni hatua (umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja), zote kwa inchi, kila inchi moja ukiongeza kwenye hatua mizunguko inashuka kama 150 mpaka 200. Mtu anayebeba nyavu, barafu na watu wanane hatakiwi kuwa na propela ya hatua kubwa ya mtu wa boti jepesi la fiba. Na kama unaenda Kigombe au Pangani kipindi cha kusi unapiga mbele, upepo na mkondo viko usoni kwako, usiilinganishe hiyo spidi na ya kaskazi.

Boti safi, propela sahihi, na bado mzito? Haya sasa tuingie kwenye mashine.

MAFUTA, NA HAPA NDO NAOMBA MSIWE NA HARAKA

Sehemu kubwa ya mashine zinazoletwa kwa mafundi kwa kukosa nguvu tatizo lake liko kati ya tangi na kabureta, na mengi unayatatua mwenyewe bila kufungua chochote.

Anza na kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko cha tangi. Kikiwa kimefungwa au kimeziba chumvi mashine inavuta petroli mpaka tangi linakosa hewa, dakika chache za kwanza safi kisha inaanza kufa, ukizima ukakaa hewa inaingia kidogo kidogo, ukiwasha inarudi. Ukihisi hivyo legeza kifuniko usikilize, ukisikia hewa inaingia kwa mvuto umeshapata jibu. Safisha kitundu.

Cha pili ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa. Mashine ikiwa inakata nguvu baharini, mtu mmoja ashike usukani, mwingine ashike kile kipampu cha mpira cha mkononi kilicho kwenye mpira wa mafuta na aanze kukikamua. Sasa angalia vitu vitatu.

Kama ukikamua mashine inapata nguvu na ukiacha inakata, basi petroli ipo ila haisukumwi vya kutosha, mshukiwa ni pampu ya mafuta ya kwenye mashine, dayaframu yake imekakamaa au imechanika. Ile dayaframu ni kipande chembamba tu, kwenye hizi mashine inaendeshwa na mvumo wa pistoni, ikishatoboka hata tundu la sindano haivuti vizuri kwenye mafuta mengi ila kwenye sailensa (mashine ikinguruma taratibu bila kukazwa mafuta) inatosha, ndo maana mashine inawaka na kutulia vizuri inakudanganya. Badilisha dayaframu na gasketi zake pamoja.

Kama kipampu kimenyonywa kimesinyaa chenyewe, kuna kizuizi upande wa tangi: hewa ya tangi, chujio la ndani ya tangi limejaa uchafu, au mpira umebanwa chini ya ubao au dumu. Mipira ya zamani inachubuka ndani na lile tabaka la ndani linajikunja likivutwa, nje unauona mzima. Na tafadhali mpira wa maji wa bustanini usiutumie, petroli inaukakamaza na kuuyeyusha ndani, tafuta mpira wa mafuta wenyewe.

Kama kipampu hakikazi hata ukikamua mara nyingi, hewa inaingia mahali au vali zake za ndani zimekufa. Cheki mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine, watu wanaufunga kinyume. Cheki oringi za konekta pande zote mbili, hizi ndo zinachakaa sana kwa sababu kila siku tangi linachomolewa. Ukiweka kipande kifupi cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani karibu na mashine utaona mapovu yanapita, na ukiona mapovu ujue tobo liko kati ya hapo na tangi.

Ukimaliza hapo, petroli yenyewe. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya plastiki, safi na kavu, mimina petroli kutoka chini kabisa ya tangi, iweke kivulini dakika kumi. Maji yanashuka chini na mstari unaonekana wazi. Madumu yanayoachwa wazi kwenye boti yanaingia maji ya bahari na mvua, huo ndo ukweli. Na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ipo, kabla hujachanganya oili dondosha tone kwenye karatasi nyeupe liache likauke, petroli safi inapotea yote, yenye mafuta ya taa au dizeli inaacha doa la mafuta. Nunua kituoni pale ambapo ukienda na malalamiko utasikilizwa, hizi za chupa za pembeni ya njia ni kamari kwa mashine ya kukutoa mkondo wa Pemba.

Mchanganyiko: mashine nyingi za aina hii zinataka 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, mililita 20 kwa kila lita. Angalia kitabu chako kwanza manake nyingine za zamani zaidi zinataka oili nyingi kuliko hiyo. Oili iwe ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo. Ukizidisha sana oili mashine haipati nguvu, inatoa moshi mzito na plagi zinalowa, ukipunguza unaijua hatari yake. Pima kwa chupa yenye vipimo, kukadiria kwa jicho hapana.

PLAGI NA MOTO

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda, ya juu kaa juu, ya chini kaa chini, usizichanganye kwa sababu zinakuambia habari. Kahawia iliyofifia, mkavu, hiyo silinda iko vizuri. Nyeusi iliyolowa petroli, silinda haichomi: plagi, moto hafifu (cheche dhaifu), au petroli nyingi kupita kiasi. Nyeupe kama imeungua na vipunje vidogo vinang'aa, hapo simama kabisa, hivyo vipunje vinaweza kuwa ni aluminiamu ya pistoni inayoyeyuka, usiwashe tena mpaka ujue petroli au maji ya kupoza vina shida gani. Ukikuta plagi ya silinda moja ni safi ajabu, imeoshwa kwa mvuke, ni dalili ya maji kuingia kupitia hedi gasketi.

Plagi za Yamaha nyingi za saizi hii za zamani ni NGK B7HS au B8HS, nafasi kama milimita 0.6, zile zenye namba -10 mwishoni nafasi yake ni milimita 1.0. Fuata ya kitabu chako. Sokoni kuna feki nyingi, ukiona bei iko chini sana ujue.

Mashine ya silinda mbili ikibaki na moja inaendelea kuwaka na kutembea, ndo maana mtu anaenda miezi anadhani imezeeka. Kujua silinda ipi haifanyi kazi fanya hivi mashine ikiwa kwenye pipa la maji matamu: zima, chomoa kofia moja ya waya wa plagi, ichomeke kwenye plagi ya akiba na hiyo plagi uifunge igusane na chuma cha mashine, washa, sikiliza. Rudia upande wa pili. Ile ambayo ukiichomoa mashine haibadiliki chochote ndiyo iliyokufa. Usiache waya ukining'inia bila athi mashine inazunguka, unaua CDI (kile kiboksi kinachotawala moto wa plagi) na koili, na usichomoe kwa mkono mashine ikiwa inawaka, umeme wake unakurusha majini.

Kuangalia cheche, funga plagi kwenye chuma mbali na tundu la silinda, hewa yenye petroli inatoka pale na inaweza kulipuka, kaa kivulini vuta kamba. Cheche ya bluu inayopiga mlio ni nzuri, ya njano dhaifu haitoshi. Kabla hujanunua koili safisha waya wa athi kwenye mguu wake mpaka uone chuma cheupe, paka grisi, na uchomoe waya wa swichi ya kuzimia ujaribu bila huo, chumvi ikiingia kwenye swichi inaiba moto nusu nusu na unahangaika na vitu vizima. Ila huo ni wa kujaribia tu, ukimaliza urudishe, kamba ya kuzimia inaokoa mtu aliyedondoka.

Na lile swali la saa ngapi sasa linafanya kazi. Mashine inayokwenda vizuri nusu saa halafu silinda moja inakata, ikipoa inarudi, na tangi lina hewa ya kutosha, hapo wazia koili au CDI inayokufa ikipata joto. Ipimwe ikiwa ya moto hapo hapo, ukiipeleka kwa fundi kesho yake imepoa itapima vizuri na atakwambia ni nzima.

Kitu ambacho mafundi wengi wanaruka: kofia ya mashine ikiwa wazi na mashine imezimwa, mtu azungushe mkono wa mafuta mpaka mwisho, wewe angalia kipepeo cha kabureta kama kinafunguka kabisa. Waya ukiwa umelegea au umeota kutu kinaishia robo tatu, na wewe unasema mashine haina nguvu wakati haijawahi kupewa mafuta yote. Wakati huo huo angalia ile sahani ya chini ya flaiwili inayozunguka kuwahisha moto, ikikwama kwa chumvi na grisi kavu moto unabaki wa chelewa hata ukifungua mafuta yote.

KABURETA, SASA NDO UFUNGUE

Piga picha kwa simu kabla hujachomoa kitu. Ile skrubu ya mchanganyiko ya sailensa izungushe ndani polepole ukihesabu mpaka iguse kidogo tu, andika namba, mara nyingi ni kama mzunguko mmoja na robo mpaka mmoja na robo tatu, ndipo uitoe.

Fungua bakuli la chini juu ya sahani nyeupe na uliangalie kwa makini kabla hujalimwaga. Maji yanakaa chini kama shanga zinazobingirika ndani ya petroli. Unga mweupe ni aluminiamu iliyoliwa na chumvi. Gundi ya kahawia ni petroli iliyokaa muda mrefu na oili yake. Jeti kuu iko katikati, itoe kwa bisibisi inayoenea vizuri isije ikaharibu kichwa chake cha shaba, inua juu uangalie kwenye jua, lazima uone duara safi, siyo mwezi mwandamo. Gundi ikifunika ukingo mmoja tu wa hilo tundu, sailensa inabaki nzuri na mafuta mengi yanakosekana, ndiyo ile ile boti inawaka vizuri haipandi.

Usiingize waya wa chuma wala sindano, shaba ni laini unaongeza tundu na hapo umebadilisha jeti. Tumia kipande cha mshipi wa nailoni mwembamba unaopita bila kulazimisha, loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, halafu peleka kwa fundi pancha yeyote mwenye kompresa apulize kila tundu la kabureta, floti na gasketi uwe umevitoa kwanza. Angalia ncha ya sindano ya floti, ikiwa na alama ya kuzunguka imechakaa. Floti itikise sikioni, ikisikika petroli ndani imetoboka. Rudisha na gasketi mpya, ya zamani ikipitisha hewa umefanya kazi ya bure, na kama mashine ina kabureta zaidi ya moja safisha zote, usiache moja kwa sababu inaonekana safi.

MAJI YA KUPOZA

Mashine ikipata joto sana inapungua nguvu, na baadhi zina kinga inayoshusha mizunguko yenyewe. Maji yanayotoka nyuma yakiwa dhaifu chokonoa kwanza kile kitundu chenyewe, mara nyingi kimeziba kwa mchanga au chumvi tu. Yakibaki dhaifu ni impela. Ile impela ya mpira inajikunja na kubaki imelala upande mmoja, hasa mashine iliyokaa bila kutumika au iliyowashwa kavu hata nusu dakika. Ukikuta panga la impela limekatika tafuta kipande chake mpaka ukipate, kimepanda kwenye njia za maji na kitaziba mbele. Kipimo cha joto: rudi taratibu, dondosha tone la maji juu ya hedi, likichemka na kufoka imezidi. Thamostati itoe uitie kwenye maji ya moto uone kama inafunguka, usiitupe ukaendesha bila hiyo. Na kila ukirudi, pipa la maji matamu dakika kumi mashine ikiwa sailensa, hilo ndo linafanya nisirudie kuandika sehemu hii.

KOMPRESHENI

Hii ni ya mwisho kwa sababu ndiyo ya gharama, ila kama una geji anza nayo, inachukua dakika tano na inakuokoa usinunue plagi za mashine iliyokwisha. Toa plagi zote, nyaya zote ziwe na athi, fungua mafuta mpaka mwisho, funga geji vuta kamba kwa nguvu mpaka sindano isipande tena. Andika. Silinda nyingine hivyo hivyo. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kuliko namba yenyewe, silinda mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 kuna shida, na kwa nyingi za hizi mashine ikishuka chini ya 90 psi kwenye silinda zote zimechoka.

Silinda ikiwa chini weka kijiko cha oili kupitia tundu la plagi pima tena. Ikipanda sana ringi zimeliwa au zimeganda kwenye pistoni. Isipopanda angalia hedi gasketi au pistoni iliyotoboka. Ringi zilizoganda kwa kaboni wakati mwingine zinaachia ukiloweka dawa ya kusafishia kaboni usiku mzima, jaribu hilo kwanza, haliumizi. Fungua mlango wa mofla uchungulie pistoni kwa tochi, ukiona michirizi ya wima imeshakwaruzika, usijidanganye.

Silinda ikikwaruzika inachongwa na kuwekwa pistoni kubwa kidogo, kwa mashine nyingi ziko za kuongeza milimita 0.25 na 0.50, kwa hiyo muulize fundi imeshachongwa mara ngapi kabla hujalipa, iliyofika 0.50 mara nyingi haina pa kwenda tena. Na kabla hujafunga pistoni mpya hakikisha kilichoua ya kwanza kimepatikana, petroli, maji au oili, manake ya pili itakufa vile vile.

Ikishafungwa, masaa kumi ya kwanza changanya 25 kwa 1, lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli, usiikabe full muda mrefu, badilisha badilisha spidi, beba mzigo mwepesi na uzungukie humu humu ndani kwenye ghuba, Ulenge na kurudi, huku unaangalia maji yanatoka. Masaa kumi yakiisha toa plagi uziangalie rangi, halafu rudi kwenye 50 kwa 1.